Mfamasia na Mgonjwa Mwenye Maumivu Sugu

Katika jumuiya zetu ndogo ndogo hakosekani mama au mzee anayesumbuliwa na magoti, kiuno au mgongo mwaka hadi mwaka. Mara nyingi humtuma mjukuu dukani akalete "zile dawa za maumivu". Dawa huletwa, humezwa, na hakuna anayeuliza swali. Hatari huanzia hapo, kwa sababu msaada mkubwa wa mfamasia uko katika maswali yake.

Maumivu huitwa sugu yanapodumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi 3. Maumivu ya jeraha hupungua jeraha likipona, lakini haya huendelea. Matokeo yake, dawa iliyokusudiwa kutumika kwa siku chache hutumika kwa miaka.

Swali la kwanza la mfamasia ni hili: unatumia dawa gani nyingine? Diklofenaki na ibuprofeni zina majina tofauti, lakini ni za kundi moja. Anayezimeza zote mbili hapati nafuu maradufu, anajiongezea madhara. Parasetamoli nayo imo ndani ya dawa nyingi za mafua. Mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe sana huhitaji kipimo kidogo zaidi, kwa kuwa ikizidi, ini ndilo huumia.

Swali la pili: una ugonjwa gani mwingine? Diklofenaki na ibuprofeni huzuia kemikali za mwili zinazoleta maumivu na uvimbe. Lakini kemikali hizo hizo hulinda utando wa tumbo na husaidia damu kufika kwenye figo. Ndiyo maana dawa hizi zikitumika muda mrefu zinaweza kuleta vidonda vya tumbo, kuharibu figo na kupandisha presha. Kula kwanza hakuondoi hatari hiyo. Kwa mzee mwenye presha anayeumwa goti, mfamasia anaweza kushauri dawa ya kupaka, ambayo huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo, au akamrudisha kwa daktari.

Swali la tatu: maumivu yenyewe yakoje? Sisi tunaosoma falsafa tunazoezwa kutafuta chanzo kabla ya kutoa hukumu, na hapa chanzo hubadili dawa. Miguu inayowaka moto au kuchomachoma kama sindano, hasa kwa mwenye kisukari, huashiria neva zilizoathirika. Daktari anaweza kuandika amitriptilini, ambayo hutibu pia sonona. Mgonjwa akisikia hivyo hudhani ameonekana ana ugonjwa wa akili, naye huiacha. Mfamasia humweleza kwamba kwa kipimo kidogo dawa hiyo hutuliza maumivu ya neva, kwamba humezwa usiku kwa sababu huleta usingizi, na kwamba nafuu yaweza kuchukua wiki kadhaa.

Kwa wagonjwa wa saratani, hofu kubwa ni mofini. Mfamasia huwafundisha ndugu kupima mofini ya maji na kumpa mgonjwa kwa saa zilizopangwa, kwa kawaida kila baada ya saa 4, bila kungoja maumivu yarudi kwa nguvu. Huwakumbusha pia dawa ya kulainisha choo, kwa kuwa mofini hufunga choo. Na kwa muumini anayedhani kupokea nafuu ni kuukimbia msalaba, Papa Pio XII alikwisha kufundisha mwaka 1957 kwamba ni halali kutuliza maumivu ya mgonjwa kwa dawa za namna hiyo.

Basi, unapokwenda kwa mfamasia, beba dawa zako zote, hata za mitishamba, na mweleze pia kama unakunywa pombe. Ukiona aibu mbele ya watu, omba kuzungumza naye pembeni. Kumbuka kwamba si kila auzaye dawa ni mfamasia. Kama dukani hayupo, muulize yule wa hospitali. Na anayetumia dawa za maumivu akipata choo cheusi kama lami au akitapika damu, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.