Moyo wa Estella na Neno la Kuutajia

Mwingereza akitaka kumlaumu mwanamke asiyerudisha mapenzi anayopewa, husema kwamba mwanamke huyo ana moyo wa baridi. Mfasiri anayeihamisha sifa hiyo neno kwa neno hadi Kiswahili huwa ameandika karibu kinyume cha alichokusudia. Katika lugha hii baridi si lawama. Maneno burudika, burudisha na burudani yametokana na shina moja na baridi, ambalo asili yake ni Kiarabu, na kitu kinachouburudisha moyo huuliwaza. Kitenzi poa nacho kimefuata njia hiyohiyo: homa hupoa, hasira hupoa, ugomvi hupoa. Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, tangu Kaloleni na Makongeni hadi Jericho na Buru Buru, poa ni jibu la salamu, na mtu akisemwa kuwa yuko poa amesifiwa. Basi kijana wa Jericho akielezwa kwamba msichana wa riwaya fulani ana moyo uliopoa, atatazamia kukutana na mtu mpole.

Tatizo hili lingekuwa dogo kama lisingemhusu Estella. Katika Great Expectations, riwaya ambayo Charles Dickens aliitoa kwa mafungu ya kila juma kutoka Desemba 1860 hadi Agosti 1861, Pip, yatima aliyelelewa nyumbani kwa mhunzi, anaitwa kwenda kucheza katika jumba la Miss Havisham. Bibi huyo aliachwa na mchumba wake siku ya harusi. Tangu hapo hajalivua vazi lake la arusi, na saa zote za nyumba alizisimamisha zikionyesha saa tatu kasoro dakika ishirini. Humo Pip anakutana na Estella, mtoto wa kulea wa bibi huyo, naye anampenda kwa miaka mingi bila ya kupata malipo yoyote. Estella anamdharau utotoni, anamvumilia ukubwani, na mwishowe anaolewa na Bentley Drummle, mtu mjinga na mkatili ambaye hata yeye mwenyewe hampendi.

Atajwe kwa neno gani? Vijana wa Nairobi wanalo moja lililo tayari: msichana wa namna hiyo anaringa, ana maringo. (Eastlands umo hata mtaa uitwao Maringo, ingawa wakazi wake hawana sifa hiyo kuwazidi jirani zao.) Neno hili linamfaa Estella wa sura za mwanzo, yule anayecheka mikono migumu na viatu vizito vya Pip. Lakini anayeringa hujipendelea, naye hufurahia kutamaniwa. Estella hafurahii chochote. Wengine watasema ana roho mbaya. Hili ni kosa kubwa zaidi, kwa sababu roho mbaya ina nia ya kudhuru, na Estella anamwonya Pip mara kwa mara, waziwazi, kwamba ndani yake hamna kitu cha kuyapokea mapenzi yake. Wanaume wengine huwatega. Yeye peke yake hamtegi. Watafiti walio wengi wangependelea moyo mgumu, na kwa hakika usemi huu umezoeleka. Hata hivyo moyo mgumu ni moyo uliopo. Unaweza kuwa wa ukatili, unaweza pia kuwa wa ushujaa, na mwenyewe ndiye anayeulizwa habari zake.

Kiswahili kina njia nyingine, nayo imo katika sarufi kuliko katika msamiati. Ni kauli ya kutendwa. Estella amenyimwa moyo. Kitenzi kikisemwa hivyo, msikilizaji hana budi kuuliza: amenyimwa na nani? Jibu limejaa katika riwaya nzima. Miss Havisham alimchukua akiwa mtoto mdogo sana, akamfundisha kulipiza kisasi cha mtu mwingine kwa wanaume wasiomkosea. Wahenga walikwisha kusema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mandhari yenye nguvu kuliko zote katika kisa hiki ni ile ambamo mlezi mwenyewe anaomba kupendwa, na binti anamjibu kwa utulivu kwamba hawezi kutoa asichopewa. Mhakiki anayeandika kwamba Estella ni mwanamke katili ameusahau ukurasa huo. Amempa mtenda jina la mtendwa.

Msomaji wa Eastlands ana jambo lake la kuongeza hapa. Katika mchezo wa kwanza wa karata, kosa la Pip linalochekwa kabla ya mikono na viatu ni kosa la lugha: karata yenye picha ya kijana aliiita Jack, kama watu wa kwao, ilhali watu wa jumba lile waliiita knave. Pip analia peke yake kabla hajarudi nyumbani, na tangu siku hiyo anaona aibu kwa maneno yaliyomlea. Katika Nairobi, upangaji wa kikoloni uliwaweka Waafrika mashariki ya mji na Wazungu kwenye vilima vya magharibi, na Sheng, msimbo ambao wataalamu wengi huuanzisha katika mitaa hiyo ya mashariki, imekuwa alama ya anwani ya mtu. Kijana wa Bahati au Shauri Moyo aliyewahi kunyamaza mbele ya msichana wa Lavington, akihofu kwamba neno lake la kwanza litataja mtaa wake, hahitaji maelezo marefu juu ya Pip. Anahitaji labda kukumbushwa jambo moja, ambalo Pip analijua kwa kuchelewa: Estella mwenyewe ni binti wa Magwitch, mfungwa, na wa Molly, mtumishi aliyewahi kushtakiwa kwa mauaji. Matamshi yale ya jumbani yalikuwa ya kufundishwa, sawa na ubaridi.

Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipopendekeza idara ya Kiingereza ya chuo kikuu cha Nairobi ivunjwe, shabaha yao ilikuwa kuiweka Afrika katika kitovu cha masomo, na fasihi za kwingine zitazamwe kutoka hapo. Estella akitazamwa kutoka hapo, anayemkaribia ni Wini wa Meja Mwangi, katika Going Down River Road (1976). Wini anaondoka na tajiri wake wa ofisini, akimwachia Ben, mwanamume anayempenda, mtoto asiyekuwa wa Ben. Tendo hilo ni zito kuliko lolote la Estella, lakini Mwangi hampi Wini mlezi wa kulaumiwa. Ipo kodi ya nyumba, upo mshahara, ipo River Road yenyewe. Kauli ya kutendwa inaanza kumshinda msomaji, kwa kuwa mtendaji ni jiji zima, na hapa riwaya inapungukiwa: Wini hapewi ukurasa wa kujibu, kama Estella alivyopewa.

Suala la neno linarudi mwishoni mwa Great Expectations, ambao Dickens aliuandika mara mbili. Katika mwisho wa kwanza, ambao ulichapishwa na John Forster baada ya mwandishi kufariki, Pip na Estella wanakutana kwa muda mfupi barabarani London, naye ameolewa na mume wa pili. Wa pili, ulioandikwa kwa ushauri wa Edward Bulwer-Lytton, unawakutanisha katika magofu ya jumba lile, wakaondoka pamoja. Wapenzi wa riwaya hubishana ni upi ulio bora. Kwa mfasiri wa Kiswahili wa kwanza una faida isiyotazamiwa. Humo Pip anaamini kwamba mateso ya ndoa yamempa Estella moyo wa kuelewa jinsi wake yeye ulivyokuwa zamani. Kitenzi ni kupa. Mfasiri aliyeandika katika sura za mwanzo kwamba Estella alinyimwa moyo anaweza kuandika sasa kwamba amepewa. Aliyeandika kwamba moyo wake ulikuwa wa baridi hana pa kwenda, maana itambidi auchemshe.