Saa ya Dola Moja

Mabaharia wa mashua za matanga wana utani usiokwisha: huyu husifu dira yake, yule nanga yake ya bei ghali. Atakaye kuwanyamazisha hutaja jina moja tu: Joshua Slocum.

Nahodha huyo aling'oa nanga Boston, Marekani, tarehe 24 Aprili, 1895, peke yake ndani ya Spray, mashua ya mita 11. Kuitengeneza saa yake ya baharini kungaligharimu dola 15. Akaiacha, akanunua saa ya bati ya dola moja na nusu. Uso wake ulikuwa umepondeka, hivyo akauziwa kwa dola moja.

Mwaka 1896, karibu na Tierra del Fuego, alihofia wavamizi, wala hakuwa na wa kumpokea zamu. Akamwaga misumari ya zulia sitahani, akalala. Usiku wavamizi walipanda peku. Wakapiga mayowe, wengine wakarukia mitumbwini, wengine baharini.

Alirejea tarehe 27 Juni, 1898, akiwa mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa matanga peke yake.

Sisi tuliokesha lindoni twaijua thamani ya mlinzi asiyesinzia. Slocum alipewa mfuko mzima, tena bure!