Mlima Unaponywea Kwenye Picha

Je, wajua kwamba Albert Bierstadt, mchoraji mashuhuri wa milima ya Marekani, alibeba kamera safarini tangu mwaka 1859? Mzaliwa huyo wa Solingen, Ujerumani, aliandamana na msafara wa Frederick Lander kuelekea Milima ya Rocky. Alipiga picha pacha, zile ambazo ukizitazama kwa chombo chake, kila jicho hupata picha yake, na vitu vya karibu vikajitenga na vya mbali.

Lakini picha za enzi hizo hazikuwa na rangi. Tena dawa iliyopakwa kwenye kioo ilishika mno mwanga wa buluu, hivyo anga ilitoka nyeupe tupu, mawingu yamepotea. Kwa hiyo Bierstadt alichora pia vijipicha vya rangi za mafuta juu ya karatasi, hukohuko porini, ili rangi zisimponyoke. Aliporudi New York ndipo alipoanza kazi kubwa. Mchoro wake wa 1863, The Rocky Mountains, Lander's Peak, una upana wa mita 3 na ushei, na mwaka 1865 ulinunuliwa kwa dola 25,000. Ukienda Wyoming leo kutafuta kilele chenye umbo lile, hutakipata. Alikiunga mwenyewe kutokana na aliyoyaona, akakipa jina la Lander, aliyefariki 1862. Mimi simwiti mwongo: alichora ukubwa aliousikia kifuani aliposimama chini ya milima ile.

Kamera haiusikii ukubwa huo. Yeyote aliyeupiga picha Mlima Kilimanjaro kwa simu akiwa Moshi anajua uchungu wake: mlima wa mita 5,895 unanywea ukawa kichuguu. Lenzi ya simu hukusanya eneo pana, na kila kilicho mbali huonekana kidogo. Anayechora kutoka kwenye picha ya namna hiyo ana haki ya kuurudishia mlima kimo chake.

Kivuli nacho kichunguzwe. Kwenye picha mara nyingi huwa cheusi ti. Kwa macho, kivuli kilichoangukia theluji kina ubuluu, kwa kuwa kinaangazwa na anga. Milima ya mbali pia huonekana ya buluu, kwa sababu hewa iliyo katikati hutawanya mwanga wa rangi hiyo zaidi kuliko mwekundu. Leonardo da Vinci alikwisha kuwaandikia wachoraji juu ya ubuluu huo karne nyingi kabla ya kamera.

Ukishajua rangi za kupaka, ujue pia kwamba rangi ya mafuta yenyewe haikauki kama nguo kwenye kamba. Mafuta ya mbegu za kitani hayapotei hewani. Yanavuta oksijeni na kugeuka utando mgumu. Ndiyo maana tabaka la chini hupakwa lenye mafuta machache na la juu lenye mengi. Ukipindua mpangilio huo, la juu hukauka kwanza, la chini likiwa bado linajongea, na mlima wako unapasuka nyufa.