Kabla ya kumwita mvivu, mpime macho

Leo tuzungumze juu ya macho ya watoto. Ninaanza na kosa la nyumbani kwetu, ili lisitokee kwenu.

Mdogo wangu alirudia darasa la tatu mara mbili hapa Nyarugusu. Akiulizwa kilichoandikwa ubaoni, ananyamaza. Alinakili daftari la mwenzake, akachapwa. Mama alisema ni mvivu. Mimi nilisema hana akili, nikamnyang'anya mpira ili asome. Siku moja alipishana na mama njia ya bombani, asimsalimu. Mama akakasirika. Mtoto akajibu: "Mama, sikukujua. Niliona kitenge tu." Ndipo tukampeleka kupimwa. Alikuwa na miaka 11.

Mzazi, fahamu jambo hili: mtoto asiyeona vizuri tangu mwanzo hawezi kukuambia. Yeye anadhani watu wote wanaona kama yeye. Kwa hiyo wewe ndiye wa kuangalia dalili:

- anafinya macho akitazama mbali, au anainamisha kichwa upande mmoja;
- anasogeza daftari karibu sana na uso;
- anasogea mbele darasani, au ananakili kwa jirani;
- anasugua macho mara kwa mara, au analalamika kichwa kinauma baada ya kusoma;
- ana makengeza.

Ukiona weupe katikati ya mboni ya jicho, usingoje. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, au saratani ya jicho, ambayo inaua isipotibiwa mapema.

Kwa nini mtoto haoni mbali? Mara nyingi jicho limekua refu kidogo kupita kiasi. Picha inaishia mbele ya sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, badala ya kufika pale. Huo si uchawi, wala si adhabu. Kioo cha miwani kinaisogeza ile picha mahali pake, basi.

Sasa tujibu maneno tunayoyasikia tunapopita nyumba kwa nyumba.

"Miwani itamharibu macho." Hapana. Akiivua anaona ukungu, kwa sababu sasa amejua kuona vizuri ni nini. Huko China watoto zaidi ya 3,000 wa darasa la nne na la tano, wote wenye macho hafifu, walishiriki katika utafiti. Matokeo yalitangazwa mwaka 2014: waliopewa miwani walifanya vizuri zaidi katika hisabati. Macho yao hayakuharibika kwa sababu ya kuivaa.

"Angoje akue." Hatari iko hapa. Jicho moja likiwa hafifu, ubongo huzoea kutumia lile zima na kuliacha lingine. Matibabu hufaa zaidi kabla ya miaka 7 au 8. Akichelewa, hata miwani huenda isilirudishe kabisa.

"Tutampa mboga na karoti." Mpe, na matone ya vitamini A msikose. Vitamini A inalinda macho na upofu wa usiku, lakini hainyooshi umbo la jicho. Dawa za majani msitie machoni kamwe. Zinaweza kulipofusha.

"Msichana mwenye miwani hataolewa." Wazazi wangu, na msichana aliyeacha shule kwa sababu haoni ubao, je?

Ufanye nini? Anza nyumbani. Msimamishe mtoto hatua nane kutoka ulipo. Afunike jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, ahesabu vidole unavyomwonyesha. Kisha jicho lingine. Akikosea, mpeleke kituo cha afya. Akipatia na dalili bado zipo, mpeleke vile vile, maana vidole ni vikubwa kuliko herufi za ubaoni. Huko atasimama mita 6 kutoka kwenye chati, aonyeshe miguu ya herufi E imeelekea wapi. Hata asiyejua kusoma anaweza. Wakati mkingoja miwani, mwombeni mwalimu amkalishe mbele.

Akipata miwani, ioshwe kwa maji safi na sabuni, ifutwe kwa kitambaa laini cha pamba. Isilazwe vioo chini. Asiazime ya babu wala ya rafiki: kila jicho lina kipimo chake.

Kwetu miwani ilipoletwa, jirani alimtisha mama, naye akaifungia sandukuni miezi miwili. Mimi nilikuwa nimeshaanza kazi hii ya kujitolea, nikafundisha nyumba za watu huku kwetu nikinyamaza. Mwishowe nilimwambia mama: "Mvalishe siku moja tu, umwulize." Alimvalisha. Mtoto akatazama paa la jirani, akasema: "Kumbe majani ya mti yanaonekana moja moja."

Leo anasoma vizuri, lakini wenzake wa rika lake wamemtangulia. Ile miaka miwili hatuwezi kumrudishia. Wa kwako bado ana nafasi. Jioni ya leo, akirudi shuleni, mhesabishe vidole.