Disiki za mkusanyiko: namna house ya Chicago ilipata jina duniani, lakini wenyewe wakachelewa kupata haki



Amapiano yenye tunacheza kila mara mu sherehe za kolasyo iko na babu yake. Babu huyo anaitwa house. Alizaliwa Chicago, Marekani, kati ya vijana weusi wenye hawakuwa na pesa wala studio kubwa. Leo tuangalie namna muziki huo ulivuka bahari ndani ya disiki za mkusanyiko, maana yake disiki moja yenye nyimbo za watu mbalimbali. Tutaona pia kwa nini historia hiyo inatuhusu sisi wasomi, hata wale wenye hawachezi muziki.

1. Mwanzo: depo moja na mashine za bei ya chini

Mwaka wa 1977 klabu moja ilifunguliwa ku Chicago ndani ya jengo la zamani la kazi. Iliitwa Warehouse, ni kusema depo. Dijei wake alikuwa Frankie Knuckles. Watu wengi wanasema jina "house" lilitokana na klabu hiyo: vijana walikuwa wanaenda ku maduka ya disiki kuuliza muziki wa kule Warehouse, kisha jina likakatwa.

Tarehe 12 Julai 1979, mu uwanja wa baseball wa Comiskey Park kulekule Chicago, disiki nyingi za disco zililipuliwa mbele ya umati. Kijana mweusi mmoja, Vince Lawrence, alikuwa anafanya kazi hapo ya kuonyesha watu viti vyao. Alisema baadaye kwamba disiki nyingi zenye watu walileta hazikuwa hata disco: zilikuwa tu muziki wa watu weusi. Kijana huyohuyo, pamoja na Jesse Saunders, alitoa "On and On" mu 1984, wimbo wenye wengi wanahesabu kuwa disiki ya kwanza ya house. Ile yenye ilichomwa uwanjani ikarudi kwa sura nyingine.

Disiki hiyo ilichapwa ku kiwanda cha Larry Sherman. Sherman aliona biashara, akaanzisha nyumba ya disiki yenye kuitwa Trax Records. Mwenzake na mshindani wake alikuwa Rocky Jones na DJ International. Karibu house yote ya mwanzo ilipita mikononi mwa nyumba hizo mbili.

2. Acid: mashine yenye ilikosa wanunuzi

Kampuni ya Japani, Roland, ilikuwa imetengeneza mashine ndogo, TB-303, kwa ajili ya kupiga besi pahali pa mpiga besi. Mpiga gitaa akiwa peke yake nyumbani, mashine ingemsindikiza. Haikufaulu: sauti yake haikufanana na besi ya kweli, na mu 1984 Roland iliacha kuitengeneza. Bei ikaanguka ku maduka ya vitu vilivyotumika.

Vijana watatu wa Chicago, DJ Pierre, Spanky na Herb J, wenye walijiita Phuture, walipata moja. Hawakuitumia vile kampuni ilitaka. Walikuwa wanazungusha vitufe vyake wakati muziki unaendelea, na sauti ikaanza kulia, kukwaruza, kupanda na kushuka. Walipelekea kaseti dijei Ron Hardy wa klabu Music Box. DJ Pierre anasimulia kwamba Hardy aliipiga mara nne mu usiku mmoja: mara ya kwanza watu walitoka uwanjani, mara ya nne walikuwa wamepagawa. Mu 1987 Trax iliitoa kwa jina "Acid Tracks", yenye dakika zaidi ya 11. Njo hapo jina la acid house lilienea.

Tusisahau India: mu 1982, Charanjit Singh alikuwa amekwisha kutumia mashine hiyohiyo kwa kupiga raga za kwao juu ya mdundo wa disco. Wachache walimsikiliza wakati ule. Kuvumbua ni jambo moja. Kuwa na njia ya kufikia watu ni jambo lingine.

3. Juu ya nini mkusanyiko?

Disiki za Chicago zilikuwa za wimbo mmoja mmoja, zenye kuchapwa kwa idadi ndogo. Kijana wa London au wa Manchester mwenye kutaka nyimbo kumi ilibidi anunue disiki kumi zenye kutoka ng'ambo, kwa bei kali. Mu 1986, London Records ya Uingereza ilichukua ruhusa ya nyimbo za Chicago na kutoa "The House Sound of Chicago". Kwa bei ya disiki moja, mtu alipata mji mzima.

Mwaka huohuo "Love Can't Turn Around" ya Farley "Jackmaster" Funk ilifika namba 10 Uingereza, na Januari 1987 "Jack Your Body" ya Steve "Silk" Hurley ilifika namba 1. Kule kwao Marekani, redio kubwa nyingi hazikuwa na habari nao.

Mkusanyiko ulikuwa na kasoro yake. Upande mmoja wa disiki yenye kuzunguka mara 33 kwa dakika unabeba karibu dakika 20 mpaka 25. Sauti ya besi inahitaji mfereji wenye nafasi. Ukibana nyimbo nyingi pamoja, mifereji inasongamana, sauti inapungua na besi inadhoofika. "Acid Tracks" peke yake ingekula nusu ya upande. Njo maana nyimbo nyingi zilikatwa fupi, na madijei waliendelea kutafuta disiki za wimbo mmoja. Mkusanyiko ulikuwa wa kusikiliza nyumbani na kujifunza.

4. Mkusanyiko unatoa jina

Mu 1988 Neil Rushton, Mwingereza, alitayarisha mkusanyiko wa vijana wa Detroit: Juan Atkins, Derrick May, Kevin Saunderson na wenzao. Ulipaswa kuitwa house ya Detroit. Lakini Atkins alileta wimbo "Techno Music", na jina likabadilishwa: "Techno! The New Dance Sound of Detroit". Tangu pale techno ikasimama peke yake. Wangebaki chini ya jina la Chicago, pengine leo tungewataja kama tawi tu.

5. Na pesa?

Hapa njo penye uchungu. Marshall Jefferson, mwenye alitunga "Move Your Body" ya 1986, alikuwa mfanyakazi wa posta. Wengi wao walikuwa vijana, walitia sahihi makaratasi bila mwanasheria, wakalipwa kidogo mara moja, basi. Mu 2020 Larry Heard na Robert Owens walishtaki Trax, wakisema kwamba hawakulipwa haki zao za utunzi kwa miaka mingi. Mu 2022 walisikilizana, na wawili hao wakarudishiwa haki za nyimbo zao. Hesabuni wenyewe: nyimbo za miaka ya 1980, haki mu 2022.

Kila mkusanyiko ni mlolongo: mtunzi, nyumba ya disiki, nyumba ya ng'ambo yenye kuomba ruhusa, kisha mnunuzi. Pesa inaanza ku mnunuzi na inapaswa kurudi mpaka kwa mtunzi. Mkono mmoja ukiifunga katikati, mtunzi anasikia wimbo wake ku redio na njaa iko nyumbani.

Kwa hiyo, mwenye anatunga wimbo, mwenye anaandika programu ya telefone, mwenye anapiga picha au anaandika kitabu, kabla ya kutia sahihi aulize maswali matatu. Kazi inabaki ya nani? Mtu mwingine akiomba kuitumia, nani anakubali na nani analipwa? Hesabu nitaonyeshwa lini? Kama jibu halimo mu karatasi, halipo.

Mashine ya bei ya chini inaweza kubadilisha muziki wa dunia. Karatasi yenye haikusomwa inaweza kumnyima mwenye kuitumia miaka zaidi ya 30.

Wanasheria wetu wenye kusoma hapa, ongezeni maoni yenu chini. Wasanii wanawangojea.