Kutembea na Kamera Katika Nchi ya Singida

Mara nyingi nasikia watu wa kwetu wakisema ya kuwa nchi ya Singida haina la kutazamwa: ni mawe, na upepo, na vumbi, mwenye kutaka kuona uzuri wa nchi na aende Kilimanjaro au Serengeti. Mimi nami nalisema hivyo miaka mingi. Lakini tangu nilipoanza kutembea kwa miguu siku za Jumamosi, simu yangu ya mkononi ikiwa tayari kwa kupiga picha, nimetambua ya kuwa nalikuwa nikipita katika nchi hii kama mtu apitaye sokoni usiku. Leo nataka kuwasimulia habari za matembezi hayo, majira kwa majira, pamoja na kosa langu moja lililonifunza kuliko picha zote nilizopata.

Kazi hii si ngeni katika nchi yetu. Mjerumani mmoja, Carl Georg Schillings, alizunguka mbuga za kaskazini pamoja na wapagazi wengi, akapiga picha za simba na wanyama wengine usiku kwa mwako wa unga uwakao ghafula. Picha hizo zilichapishwa katika kitabu mwaka 1905, na watu wa Ulaya wakastaajabu sana. Huko Marekani, mwaka 1900, kampuni ya Kodak ilikuwa imetoa kamera ndogo ya sanduku iitwayo Brownie kwa bei ya dola moja, kusudi hata watoto waweze kupiga picha. Basi kitu kile ambacho zamani kilihitaji msafara wa watu, leo kimo mfukoni mwa mkulima. Kilichopungua si chombo, bali ni macho na subira.

Mvua za kwanza

Kwetu mwaka una mvua za namna moja tu, zianzazo Novemba au Desemba na kukoma Aprili au Mei. Siku mbili au tatu baada ya mvua ya kwanza, tokeni nje mapema. Kumbikumbi huruka kwa maelfu, na kila kiumbe huja karamuni: kuku, vyura, mijusi, kunguru, na watoto wenye mabakuli. Juu yao huruka mbayuwayu, na wengi wao ni wageni waliokimbia baridi ya Ulaya. Watakaa nasi hata karibu na mwezi wa Aprili, kisha watarudi kwao kujenga viota.

Mvua huosha hewa pia. Wakati wa kiangazi vumbi na moshi wa mioto ya porini hufunika vilima vya mbali, hata picha huwa kama imepigwa nyuma ya pazia. Mwezi wa Januari mvua imekwisha kulishusha vumbi lile chini, na vilima huonekana kama vimesogea karibu na nyumba.

Alizeti

Mwezi wa Machi, ikiwa mvua imekuwa njema, mashamba ya alizeti hugeuka manjano. Hapo nalipata fundisho la kwanza. Nalikwenda shambani jioni, nikasimama upande wa magharibi, nikapata picha ya visogo vya maua tupu! Jirani yangu, mwenye shamba, akacheka akasema, "Mwalimu, umeyajia kwa mlango wa nyuma."

Alisema kweli. Alizeti changa hugeuka pamoja na jua tangu asubuhi hata jioni, na usiku hurudi kuelekea mashariki. Ua likisha kukomaa huacha kugeuka, likabaki limeelekea mashariki daima. Watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 2016 ya kuwa ua lililoelekea mashariki hupata joto upesi asubuhi, na nyuki hulitembelea zaidi. Kwa hiyo mpiga picha naye na aamke pamoja na nyuki, asimame upande wa mashariki, jua likiwa mgongoni mwake.

Majabali

Juni na Julai ni miezi ya baridi na upepo. Mtama na uwele umekwisha kuvunwa, majani yamekauka, na majabali makubwa yamesimama wazi. Asubuhi, jua likisha kupanda kidogo, pimbi hutoka katika nyufa za mawe wakaota jua, mmoja akiwa mlinzi. Mnyama huyu hawezi kuhifadhi joto la mwili wake vema kama wanyama wengi, ndiyo sababu hulipenda jua la asubuhi. Na ingawa kwa umbo afanana na sungura asiye na masikio marefu, wataalamu wamesema ya kuwa tembo ni katika jamaa zake wa karibu.

Siku moja nalikuwa nimelala kifudifudi juu ya jabali nikiwangojea pimbi, mara nikasikia kikohozi nyuma yangu. Alikuwa mzee wa kijiji kile, naye ameshika fimbo.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Wapima nini katika mawe yetu?"

Nikafahamu shaka yake. Kila penye majabali huvuma habari za mali iliyofichwa na Wajerumani, na wageni huja kuchimba usiku. Nikaketi, nikamwonyesha picha zangu. Akazitazama kimya, kisha akauliza, "Hawa pimbi ndio uliowafuata tangu alfajiri?" Nikasema, "Ndio, mzee." Akatikisa kichwa kama mtu amwoneaye mwenzake huruma, lakini akaniongoza mwenyewe hata ufa mwingine, ambako pimbi walikuwa wengi zaidi. Tangu siku ile siingii katika ardhi ya watu kabla sijapiga hodi kwa wenyewe. Neno moja la salamu lafungua njia kuliko kamera ya bei kubwa.

Ziwani

Sasa nifike kwenye kosa langu. Karibu na mji wa Singida yako maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai. Huko huja heroe, ndege warefu wa rangi ya waridi. Hawana tarehe, huja maji yakiwafaa, na huondoka yasipowafaa. Heroe wadogo hula mimea midogo mno iliyomo katika maji ya chumvi, na rangi yao yatoka katika chakula hicho; kinda wa heroe huwa wa kijivu. Mahali pao pakuu pa kuzalia katika Afrika ya Mashariki ni Ziwa Natron.

Mwezi wa Septemba mwaka mmoja nalikwenda ziwani na binti yangu, aliyekuwa na miaka tisa. Heroe walikuwa mbali. Lakini ufukoni, juu ya changarawe, tuliona ndege mweusi na mweupe ambaye Waingereza humwita mhunzi, maana mlio wake ni kama nyundo juu ya fuawe. Alikuwa akipiga kelele na kuturukia vichwani. Nikatazama chini, nikaona mayai matatu yenye madoadoa, yaliyofanana na mawe hata nusura niyakanyage.

Nalifurahi kupita kiasi. Nikapiga picha moja, nikaona haitoshi. Nikasogea, nikapiga magoti, nikaondoa kijiti kilichotia kivuli, nikangoja ndege arudi ili nimpate pamoja na mayai yake. Jua lilikuwa kali. Ndege wale wawili walizunguka na kulia, wasithubutu kushuka. Binti yangu aliniambia mara mbili, "Baba, twende." Nikamwambia, "Ngoja kidogo." Kidogo ile ikawa karibu saa nzima.

Tulipoondoka hatimaye, hatujafika mbali, kunguru akashuka kutoka katika mgunga uliokuwa karibu. Alikuwa ametutazama muda wote. Nalirudi mbio nikipunga mikono, lakini nalichelewa. Palibaki maganda.

Binti yangu akasimama kimya, kisha akauliza, "Baba, sisi tumepata picha. Wao wamepata nini?"

Sikuwa na jibu, na hata leo sinalo. Nalikuwa nikiwafundisha watoto wa watu kwamba viumbe vyote ni kazi ya Muumba, nami kwa tamaa ya picha moja nalimfungulia mwizi mlango. Jua peke yake lilitosha kuua mayai yale, maana mzazi huyakalia mchana si kwa kuyapa joto tu, bali kwa kuyakinga na joto. Picha ile ni safi sana. Naionyesha darasani kila mwaka, na habari yake naisimulia yote.

Mashauri machache

Kwa wazazi na walimu watakao kutembea na watoto, nasema haya. Nendeni asubuhi mapema au jioni. Mchana mwanga hushuka wima na kutia weusi usoni, hasa mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua lipitapo utosini petu. Futeni kioo cha simu kwa kitambaa laini, maana vumbi la kwetu halina adabu. Chagueni mti mmoja, mkaupige picha kila mwezi mahali pale pale, na kuandika tarehe. Baada ya mwaka mtaona mambo ambayo macho ya kila siku huyasahau. Walimu, simu moja yatosha darasa zima: kila mtoto na achague kitu kimoja, aeleze kwa nini amekichagua, ndipo apige.

Tena, mwombeni mtu ruhusa kabla ya kumpiga picha. Msivunje matawi, msiwafukuze ndege ili waruke. Mkiona kiota, au ndege akiwapigia kelele bila kukimbia, rudini nyuma upesi. Hiyo ndiyo hodi yake.

Mwaka uliofuata tuliwaona tena ndege wa namna ile ufukoni, mmoja amelala juu ya changarawe. Tulikaa mbali, nyuma ya kichaka, nikapiga mara moja tu. Katika picha hiyo ndege ni doa dogo, na mgeni asingemwona pasipo kuonyeshwa. Binti yangu aliomba niichapishe, nayo imetundikwa ukutani kwetu, karibu na mlango.

Kaeni salama, nanyi mkitembea, tembeeni polepole.