Katuni za zamani zilizochapishwa upya zina faida gani?

Mwaka wa 1938, Action Comics nambari 1, jarida lililomtambulisha Superman, liliuzwa kwa senti 10 za Marekani. Mwaka wa 2024, nakala yake moja ilinunuliwa kwa dola milioni 6. Mpenzi wa katuni wa Kibera au Kawangware ataisoma hadithi hiyo katika toleo lililochapishwa upya.

Hata hivyo, mnunuzi yampasa awe makini. Mwaka wa 1974, kampuni ya DC ililichapisha upya jarida hilo zima, pamoja na matangazo yake ya biashara. Jalada la nje likiondolewa, asiyejua hudhani ameshika nakala ya kwanza. Rula humaliza utata huo: toleo la 1974 ni kubwa zaidi kwa urefu na upana.

Faida kuu ya kuchapisha upya ni kuokoa kazi isipotee. Akokhan, shujaa aliyebuniwa na Frank Odoi, mchoraji Mghana aliyefariki jijini Nairobi mwaka wa 2012, alisomwa gazetini. Na gazeti la jana huishia kufungia bidhaa. Jarida la Shujaaz, lililoanza mwaka wa 2010 kwa lugha ya Sheng, liligawiwa bure, na cha bure hakikawii kutupwa.

Michoro ya awali inapopotea, wachapishaji hutegemea nakala zilizohifadhiwa na wasomaji. Basi, aliye na nakala hizo azipange kwa nambari na kuziweka mahali pakavu, pasipofikiwa na jua.